Menyu ni ya nani? Historia fupi ya komandi inayopita hewani

Bandugu wa promo zote, tuanze na kintu tunachojua. Hapa L'shi, menyu ya restora nyingi ndogo ni mdomo wa mhudumu. Unauliza: kuko nini? Anajibu: bukari, sombe, thomson, kuku. Saa nane thomson imeisha, lakini mhudumu wa pili hajajua bado. Anaipokea komandi, mteja anangoja, kisha njo wanakuja kumwambia hakuna.

Shida hiyo sio ya kwetu peke yetu. Mimi ni agronome, sio mtu wa ordinatere, lakini nimefuata historia yake juu inagusa jambo ambalo vijana wengi hapa wanaliogopa: kuibiwa wazo.

Huko Marekani walianza mapema. Mwaka 1986, Gene Mosher, mtu wa biashara ya restora, alionyesha Las Vegas programu ya kupokea komandi kwa kugusa kioo cha rangi. Ilitembea juu ya ordinatere ya Atari. Lakini kioo kilikuwa kimesimama pahali pamoja. Mhudumu alipaswa kutembea hadi pale.

Mwaka 1997 kanuni za kwanza za wifi zikatoka. Tarehe 21 Septemba 1999, Keith McNally na wenzake wa kampuni ya Ameranth, ya California, wakaomba hati ya uvumbuzi. Wazo lao: menyu kubwa inakaa kwenye ordinatere ya kati, imepangwa kama mti: aina za chakula, kisha chakula chenyewe, kisha namna ya kukipika. Kutoka hapo programu inatengeneza menyu ya pili, ndogo, ya kuingia kwenye kifaa cha mkononi. Ukibadilisha kintu hapa, kinabadilika pote: kwa mhudumu, jikoni, hata kwenye intaneti. Thomson ikiisha, wote wanajua palepale.

Hati ilitolewa tarehe 7 Mei 2002, namba 6,384,850. Kwetu, wakati waliiomba, inchi ilikuwa katika vita, na simu ya mkononi ilikuwa kintu cha wakubwa. Mwaka huo wa 2002 njo Vodacom ilianza kazi Congo.

Ameranth haikukaa na hati kwenye droo. Ilitengeneza na kuuza mfumo wa kweli. Lakini ilienda pia kwenye tribinali: ilishitaki makampuni mengi, Domino's na Apple wakiwa ndani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu yeyote anayepokea komandi kwa vifaa vinavyoongea pamoja anapaswa kulipa.

Mwaka 2014, korti ya juu kabisa ya Marekani ilisema, katika kesi ingine, kwamba kuchukua wazo tupu na kuongeza «fanya hivyo kwa ordinatere» hakutoshi kupata hati. Novemba 2016, wazuzi wa korti ya rufaa wakatumia kanuni hiyo juu ya hati tatu za Ameranth. Vipengele vyote vilivyokuwa mbele yao vikaanguka. Novemba 2019, vipengele vya hati ya ine, ile iliyotumiwa juu ya Domino's na wengine, vikafuata.

Sababu moja inanigusa sana. Hati yenyewe ilikuwa imeandika kwamba hatua za programu zinajulikana na watu wa kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kuzieleza. Wazuzi walishika maneno hayo. Kama njia inajulikana, wewe umevumbua nini? Sisi ba-agro tunaelewa haraka. Huwezi kuja mbele ya watu na kusema «mahindi yangu yanazaa zaidi» bila kuonyesha ulichanganya mbegu gani, ulipanda wapi, ulivuna kilo ngapi. Wazo la kuzaa zaidi ni la kila mulimaji.

Sisemi watu wa Ameranth walikuwa wezi. Waliona mbele, wakati wengi walikuwa bado kwenye karatasi. Lakini kuona mbele na kumiliki njia ni mambo mawili.

Kumbukeni pia: hati ya Marekani inashika Marekani tu. Congo iko na sheria yake ya mali ya viwanda, ya tarehe 7 Januari 1982. Kwa hiyo hata wakati kesi zilikuwa moto kule, hati zile hazikumfungia mlango kijana wa Kenya ao wa Katuba.

Njo maana ninasikitika nikiona kijana anaficha wazo la «application ya restora» ndani ya kaye miaka mitatu, anaogopa kuibiwa. Wazo hilo liliandikwa tangu 1999. Kile ambacho hakijamalizika ni kazi yenyewe, hapa kwetu. Umeme ukikatika katikati ya komandi, ile komandi inakuwa wapi? Wifi ikirudi, jikoni watapika sahani moja ao mbili? Taux ya dola ikipanda saa sita, bei za franka zitabadilika kwa meza ambayo imekwisha kuagiza?

Mwenye kujibu maswali hayo, na jibu likashika siku nzima kwenye restora moja ya L'shi, atakuwa na kintu cha kuonyesha. Sasa hapa kati yetu, nani ameanza?