Nani Hukagua Bidhaa? Programu za Simu, Soko Huria na Kiswahili cha Arua na Koboko

Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangazo kama hilo linapofika Arua na Koboko, mbali na vyuo vikubwa, huwakuta wanafunzi wengi na walimu wachache. Si ajabu basi mwanafunzi kutafuta mwalimu wa pili ndani ya simu ya mkononi: kamusi, mazoezi ya ngeli, masomo ya mazungumzo. Baadhi ya programu hizo ni za bure na nyingine ni za kulipia. Makala haya yanauliza swali lenye umri mkubwa kuliko simu: bidhaa inapoingia sokoni bila kupita mbele ya mkaguzi, ni nani anayethibitisha ubora wake?

Watu wa Nile Magharibi wanalifahamu swali hili. Arua iko karibu na mpaka wa Kongo, na Koboko iko pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, wakazi wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporejea, baadhi ya vijana walijipatia riziki kwa kuvusha mafuta ya magari mpakani na kuyauza kwa madumu kando ya barabara. Waliitwa Opec, kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Sheria ya kuanzisha Shirika la Viwango la Uganda ilipitishwa mwaka 1983, na shirika likaanza kazi mwaka 1989. Lakini dumu la kando ya barabara halikuwa na lakiri ya mtu yeyote. Mnunuzi alimtegemea muuzaji anayemfahamu. Aliyepunjwa leo hakurudi kesho, na habari zake zilienea. Huo nao ni udhibiti wa ubora, ila huja baada ya hasara.

Kiswahili chenyewe kilifika huko kwa njia kama hiyo: kwa askari wa King's African Rifles, kwa wachuuzi, na kwa waliorudi kutoka uhamishoni. Hakuna aliyekikagua mpakani.

Katika vitabu, mambo yalikuwa kinyume. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa ithibati kabla ya kuchapishwa. Mwaka 1952 makao yake yalihamia Makerere, hapa hapa Uganda. Mwalimu aliyefungua kitabu chenye ithibati alijua kwamba kuna msomaji makini aliyemtangulia. Hata hivyo, lango hilo lilikuwa na gharama yake. Usanifu ulijengwa juu ya Kiunguja, na lahaja nyingine, kikiwemo Kimvita chenye fasihi kongwe, zikasukumwa pembeni.

Mwaka 2008 njia hizi mbili zilijitokeza tena katika simu. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, na kila programu ilikaguliwa kabla ya kuuzwa. Soko la Android la kampuni ya Google lilifunguliwa Oktoba mwaka huo huo bila lango la namna hiyo. Mtengenezaji alilipa ada ya dola 25 mara moja, akaweka bidhaa yake, na wanunuzi wakatoa alama. Programu za kulipia ziliruhusiwa kuanzia Februari 2009. Mnunuzi aliweza kurudisha programu ndani ya saa 24. Desemba 2010 muda huo ulipunguzwa hadi dakika 15, na mwaka 2014 ukaongezwa hadi saa 2. Baada ya programu zaidi ya 50 zenye virusi kuondolewa mwaka 2011, Google ilitangaza mwaka 2012 kwamba mashine inakagua programu zote, na mwaka 2015 kwamba watu pia wanashiriki.

Lakini ukaguzi huo hutazama nini? Hutazama iwapo programu inaiba siri za mwenye simu au inaharibu simu yake. Hautazami upatanisho wa kisarufi. Programu inayofundisha "kitabu yangu" hupita bila kizuizi. Bei nayo haisaidii, maana kulipa ni kununua ruhusa ya kutumia tu. Ni nani anayeweza kuipima kamusi kwa dakika 15, au hata kwa saa 2? Isitoshe, anayetoa alama za nyota mara nyingi ni mwanafunzi, yaani yule asiyejua bado kosa liko wapi. Mnunuzi wa mafuta hutambua akidanganywa, kwa kuwa pikipiki huzima njiani. Anayejifunza lugha hutambua siku ya mtihani.

Wakati mwingine hata duka lenyewe hutoweka. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, maduka ya programu yalizuiwa nchini Uganda, na kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi 18 mtandao wote ukakatwa. Programu inayopita kutoka simu hadi simu kwa kadi ya kumbukumbu haina alama, haina marejesho, wala haina muuzaji wa kuulizwa.

Lango linaweza kujengwa pale wenye haki wanapolidai. Nchini Kenya, kufuatia sheria ya mwaka 2021, Google ilianza mwaka 2023 kudai leseni ya Benki Kuu kwa programu za mikopo. Kwa upande wa lugha, hakuna benki kuu. Tulio nayo ni idara kama hii na walimu wake. Hatuhitaji kurejesha kamati ya 1930 pamoja na upungufu wake. Kiswahili cha sokoni Koboko nacho kina wenyewe, na mwanafunzi hapaswi kukionea haya. Anachostahili ni kuambiwa waziwazi kwamba sokoni atasikia "kitabu yangu" na katika mtihani ataandika "kitabu changu". Basi tuzisome programu hizi kama tunavyosoma vitabu, tuandike maoni yetu, tuyatie saini, na kuyasambaza shuleni. Vijana wa Opec walijulikana kwa sura, na mteja alijua pa kupeleka lawama. Nasi tujulikane kwa majina.