Nani Amtandikie Mwanachuo Kitanda?
Kutoka Makerere hadi Malimbe, historia ya malazi ya wanavyuo kandokando ya Ziwa Victoria

Vyuo vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, bodaboda za Nyegezi jijini Mwanza hubeba magodoro kuliko abiria. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, ndoo imetumbukizwa beseni, mtungi mdogo wa gesi uko mbele ya dereva, na mwenye mali amejibana nyuma. Safari ni ya Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), au Sweya jirani yake. Barua ya kupokelewa chuo anayo. Kitanda bado anakitafuta.

Babu yake angeshangaa. Enzi zake, aliyepata nafasi ya masomo alikuwa amepata na pa kulala. Vitu hivyo viwili vimekuja kutengana polepole, na kutengana kwake kumebadili si gharama tu, bali hata nani anaishi na nani.

Ng'ambo ya ziwa

Hadi mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana wa Kanda ya Ziwa aliyefaulu sana aliitazama Kampala, kilipo Chuo cha Makerere kilichoanzishwa mwaka 1922. Ziwa ndilo lililokuwa barabara: meli ziliunganisha Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda miaka mingi kabla ya lami.

Mwaka 1943 alifika huko kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere. Makerere ilikusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar juu ya kilima kimoja, na baadaye mabweni yake yakajijengea majina na utani wa jadi: Northcote, Mitchell, Livingstone, na Mary Stuart la wanawake. Hapo Nyerere, pamoja na wenzake Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika, ambacho baadaye kiliungana na TAA, chama kilichozaa TANU. Siasa za taifa zilianza kusukwa na vijana walioishi pamoja mbali na nyumbani.

Deni la kijiji

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam kwa darasa dogo la sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kwenye mabweni ya ghorofa ambayo wanakijiji wengi hawakuwahi kuona mfano wake. Mwanafunzi alipewa chumba, akala bwaloni, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na umma.

Starehe hiyo ilikuwa na masharti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara. Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Wakati huohuo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili aende kuleta msaada; asiporudi, ni msaliti. Kwa hesabu ya Mwalimu, kila kitanda cha Mlimani kilikuwa deni la mkulima.

Miaka minane baadaye msimamo huo uliwekwa kwenye sera, na safari hii ukatokea kando ya ziwa lenyewe. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Miongoni mwa mengine, lilielekeza kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Mabweni yakapata wakazi wa aina mpya: walimu, makarani na maofisa waliokwisha kupokea mishahara, wengine wakiwa na wake na watoto nyumbani.

Malimbe yaota nyumba

Mwanza nayo ilikuwa na chake. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianzisha Nyegezi chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho kilijipatia jina hasa kwa kufundisha uandishi wa habari. Mwaka 1998 maaskofu Katoliki wa Tanzania walikigeuza kuwa SAUT. Mwaka 2003 chuo cha udaktari kikaanza Bugando, kwenye kilima cha hospitali inayoonekana kutoka karibu kila pembe ya jiji.

Wakati huo sera ilikuwa imegeuka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, na wanafunzi wa vyuo binafsi nao wakakopeshwa. Shule za kata zikamwaga wahitimu kuliko wakati wowote uliopita. Madarasa yalipanuka kwa kasi, na mabweni hayakuweza kuyafuata.

Aliyeziba pengo ni mwenye kiwanja. Katikati ya mawe makubwa ya Malimbe na Sweya zimeota nyumba ndefu za vyumba vilivyopangwa kwa safu, kila mlango na kufuli lake, na geti mbele. Nyingine zinaitwa hosteli na zina mlinzi. Nyingine ni geto tu: chumba kimoja, choo cha kuchangia, bomba moja uani.

Ingia ndani ya kimojawapo. Kitanda cha futi nne kimebanwa ukutani, pazia limekata chumba katikati, jiko la gesi liko mlangoni ili moshi utoke. Waya wa umeme umetoka kwenye soketi pekee na kugawika kulisha simu, laptopu na hita ya maji ambayo mwenye nyumba ameikataza. Kwenye kopo kuna dagaa wa Mwaloni Kirumba, na mwenzao wa Bukoba akirudi likizo ya Desemba huja na senene. Jioni taa hazina budi kuzimwa mapema wadudu wa ziwani wanapovamia kama ukungu. Ziwa lenyewe liko jirani, lakini kuoga humo ni kukaribisha kichocho, hivyo bomba likikauka, madumu hupanga foleni.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Kwa mwezi ni 300,000, lakini mwenye nyumba hadai kwa siku. Anataka miezi sita, pengine mwaka mzima, na mara nyingi kabla bumu, yaani fedha za mkopo, halijatoka. Ndipo hesabu zinapoanza: mmoja analipia chumba, mwenzake anabebwa, na wawili wanalala mzungu wa nne mpaka fedha ziingie. Bumu likikata, wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja wa mchana unaosukuma mpaka kesho.

Orodha na kodi

Mabadiliko haya yana faida zake. Malimbe imepata kipato, mama lishe amepata wateja, na kijana anajifunza kupatana bei na kuishi na majirani wasio wanafunzi. Serikali nayo haijakata tamaa na mabweni: mwaka 2017 ilifungua Mlimani majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Lakini hayo ni Dar es Salaam.

Kilichopotea ni kigumu kukihesabu kwa shilingi. Bweni la zamani lilikuwa na orodha ubaoni. Jina lako liliwekwa kando ya jina la mtu usiyemjua, wa kabila lingine, dini nyingine na mfuko mwingine, na mkalazimika kuelewana juu ya kitasa na ndoo. Sokoni orodha hiyo haipo. Mtu anatafuta chumba na aliyesoma naye, aliyetoka naye kijiji kimoja, au anayeweza kulipa kodi inayolingana na yake. Mtoto wa mwenye duka yuko kwenye hosteli yenye jenereta, mtoto wa mvuvi wa Ukerewe yuko geto la Sweya, na wanakutana darasani tu.

Hakuna atakayerudisha enzi za bwalo la bure, wala si lazima. Vyuo vya kanda hii vina uwezo wa jambo dogo zaidi: kutenga vitanda vyote vilivyopo kwa mwaka wa kwanza, na kuvigawa kwa orodha bila kuangalia nani kalipa mapema. Mwaka mmoja wa kupangiwa jirani unatosha kumfahamisha mtu na nchi yake. Miaka inayofuata atajitafutia chumba mwenyewe, na pengine atakayeingia naye ni yule aliyepangiwa, asiyemjua alipofika.