Kibali cha Ngoma

Sisi tuliokulia Kariakoo tumerithishwa habari hii na wazee: enzi za Mwingereza, ngoma ya mjini haikupigwa mpaka serikali itoe kibali. Iliyowahangaisha wakubwa zaidi ilikuwa beni, yenye tarumbeta, dramu kubwa, magwaride na vyeo vya kijeshi. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana vikali. Hawa wakishona sare mpya, wale hawalali. Tena vyama hivyo vilikuwa na matawi pwani hadi bara, na maofisa wakaogopa visije vikageuka siasa.

Kwa hiyo sikubali kabisa kwamba kibali kilitetea usingizi wa watu tu. Mji wenyewe ulikatwa kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenga. Aliyeamua ipi ni kelele hakuishi kwetu.

Leo mwenye harusi anayetaka kufunga turubai mtaani huanzia serikali ya mtaa. Hilo naliona afadhali, maana mwenyekiti naye analala mtaa uleule.