Fotoplethismografia: Upimaji wa Ujazo wa Damu kwa Mwanga

Fotoplethismografia ni mbinu ya kutambua mabadiliko ya ujazo wa damu katika mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, kwa kuimulika ngozi hiyo na kupima kiasi cha mwanga unaorudi au unaopenya. Istilahi hii imejengwa kwa maneno matatu ya Kigiriki yenye maana ya mwanga, kujaa na kuandika, na msingi wake katika fiziolojia uliwekwa na tafiti ambazo Alrick Hertzman wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, alizichapisha kuanzia mwaka 1937. Kwa kuwa umbo hili lililotoholewa halimfumbulii maana msomaji wa Kiswahili, makala haya yanapendekeza lifafanuliwe kwa kirai “upimaji wa ujazo wa damu kwa mwanga”, ambacho kinataja bayana kitu kinachopimwa. Ubayana huo una uzito, kwa sababu mbinu hii sasa inatumiwa katika saa na pete zinazodaiwa kuonyesha shinikizo la damu, yaani presha, ilhali ujazo na shinikizo ni mambo mawili tofauti.

Kifaa cha aina hii huwa na diodi ndogo inayotoa mwanga pamoja na kihisi kinachoupokea. Moyo unapopiga, damu huongezeka katika ateri ndogo za ngozi, himoglobini iliyomo hufyonza mwanga mwingi zaidi, na mwanga unaokifikia kihisi hupungua. Moyo unapotulia, hali hugeuka, na kupanda na kushuka huko huchorwa kama wimbi linalofuata mapigo. Saa nyingi za mkononi hutumia mwanga wa kijani, ambao himoglobini huufyonza kwa wingi, ilhali kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu hutumia mwanga mwekundu na ule wa infraredi, kwa kanuni iliyoelezwa na Takuo Aoyagi nchini Japani mwaka 1974.

Shinikizo la damu, kwa upande wake, ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za ateri, na hutajwa kwa milimita za zebaki; hupimwa kwa mkanda tangu Scipione Riva-Rocci wa Italia alipobuni mwaka 1896 kifaa chenye mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, na Nikolai Korotkov wa Urusi alipoeleza mwaka 1905 sauti zinazosikika mkanda huo unapolegezwa. Badiliko lilelile la ujazo laweza kutokana na mashinikizo tofauti, kutegemea ugumu wa kuta za mishipa, umri wa mtu, au baridi inayoibana mishipa ya vidole. Jan Peňáz wa Chekoslovakia aliivuka tofauti hiyo mwaka 1973 kwa kuambatanisha mwanga na mkanda mdogo wa kidoleni: mwanga hufuatilia ujazo, hewa ya mkanda huongezwa na kupunguzwa ili ujazo huo usibadilike, na shinikizo husomwa kutokana na hewa hiyo.

Vifaa visivyo na mkanda havina nguvu yoyote ya kulinganisha na ile ya damu, kwa hiyo hukisia shinikizo kutokana na umbo la wimbi, au kutokana na muda ambao pigo hutumia kusafiri kati ya sehemu mbili za mwili, kwa kuwa pigo huenda kasi zaidi shinikizo linapopanda na kuta za ateri kukazana. Ndiyo maana kitenzi kinachovistahili ni “kukadiria” badala ya “kupima”. Vingi kati yavyo huhitaji kusawazishwa, yaani kulinganishwa kwanza na kipimo cha mkanda kisha kulinganishwa tena kila baada ya muda.

Usawazishaji huo ndio unaoifanya kazi ya kuvijaribu vifaa hivi kuwa ngumu. Kiwango cha kimataifa kilichokubaliwa mwaka 2018 kwa vifaa vya mkanda hudai watu wasiopungua 85, wastani wa kosa usiozidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko usiozidi milimita 8. Hata hivyo, kifaa kilichosawazishwa chaweza kufaulu jaribio la mtu aliyeketi kwa utulivu kwa kurudia tu namba iliyoingizwa mwanzoni. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Juu la Damu ilipendekeza majaribio sita, yakiwemo ya kubadilisha kimo cha mkono, kulinganisha usingizi na kukesha, mazoezi, na athari ya dawa, ili ithibitike kwamba kifaa hufuata shinikizo linapobadilika.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna hoja nyingine isiyoweza kupuuzwa. Melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga, ule wa kijani zaidi kuliko mwekundu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vifaa vya oksijeni vya kidoleni vilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kosa hilo lilidumu kwa miongo katika mbinu iliyoaminiwa hospitalini, na linatosha kudai kwamba kila kifaa cha presha kitumiacho mwanga kijaribiwe kwa watu wenye ngozi nyeusi kabla ya kuuzwa kwao.

Ufuatiliaji mfululizo wa shinikizo la damu, unaofuata pigo baada ya pigo bila kumkatiza mgonjwa usingizi, ni lengo linalostahili juhudi zote hizi. Hata hivyo, mwongozo ambao jumuiya hiyo ya Ulaya iliutoa mwaka huohuo wa 2023 haupendekezi vifaa visivyo na mkanda vitumike kutambua ugonjwa wala kuongoza matibabu. Kwa hiyo mwenye presha aendelee kupimwa kwa mkanda wa mkononi uliothibitishwa, na asibadilishe dozi ya dawa yake kwa kufuata namba ya saa.