Kazi Njo Baba, Njo Mama: Namna Kampuni Ilivyolea Kolwezi, na Namna Ilivyoiacha

KOLWEZI. Majuzi tulikuwa kwenye kilio kule Kapata. Ilikuwa usiku, moto unawaka, wazee waliofanya kazi Gécamines wamekaa upande mmoja na vijana upande mwingine. Kijana mmoja, ambaye anafanya kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu kupitia kampuni ndogo inayokodisha wafanyakazi, akauliza kama ni kweli kwamba zamani kampuni ilikuwa inawapa watu nyumba, unga, shule, hospitali, hata maziwa ya mtoto. Wazee wakacheka. Mmoja wao akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza vidole vyote kumi na bado akaendelea. Yule kijana hakuamini hata nusu.

Makala hii naiandika kwa ajili yake. Wazee hawakumdanganya, ila hawakumwambia yote. Kampuni haikutoa vile vitu kwa huruma, na watu hawakuvipokea bure.

Tuanze mbali kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Brussels tarehe 28 Oktoba 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka wa 1911. Miaka ile hakuna mkubwa aliyewaza kumfundisha mfanyakazi mweusi kitu chochote. Watu waliandikwa kazi vijijini na ofisi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga, iliyoanza mwaka wa 1910, na mara nyingi chifu ndiye aliyetakiwa kuwatoa. Wengine wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walikaa miezi michache, bila mke, kwenye vibanda vilivyojaa, na magonjwa ya tumbo na ya mapafu yaliwaua sana. Wengi walitoroka. Waliobaki walimaliza mkataba wakarudi kwao. Mtu akishazoea mashine, kesho yake anaondoka, na kampuni inaanza upya na mwingine ambaye hajawahi kuona reli. Hata lugha ya kazi haikuwa Kiswahili. Amri zilitolewa kwa Kikabanga, lugha ya kuchanganya iliyotoka kusini. Kiswahili kilikuja kushika nafasi baadaye, pale kampuni ilipoanza kuwatafuta watu wa Kasai, wa Lomami na wa Rwanda-Urundi.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Rhodesia ilikuwa inafungua migodi yake, kwa hiyo watu wa kule hawakuwa na sababu ya kuvuka mpaka. Serikali ya Wabeleji nayo ilianza kuogopa kwamba vijiji vinabaki bila wanaume. Ndipo kuanzia 1928 hivi, Union Minière ikashika siasa mpya ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka mitatu badala ya miezi, na mtu aje na mke wake. Mwenye kuisimamia sana alikuwa daktari Mbeleji, Léopold Mottoulle. Asiye na mke alisaidiwa kupata mahari. Posho ilihesabiwa kwa mume, kwa mke na kwa kila mtoto. Mama alizalia hospitali ya kampuni, mtoto akapimwa uzito, akapewa maziwa. Hayo maziwa ndiyo wazee waliyoyataja Kapata.

Sababu? Wakubwa wenyewe hawakuificha. Mtoto aliyezaliwa kampi atakua akisikia king'ora, ataona baba yake akiamka saa ileile kila siku, na siku akiandikwa kazi hatahitaji kufundishwa kuamka. Kampuni ilikuwa inajizalia wafanyakazi wake.

Shule ilikuja kwa hesabu ileile. Mwaka wa 1925 Union Minière ilipatana na Wabenedikto, chini ya Jean-Félix de Hemptinne, wawashughulikie watoto wa kampi zake. Wavulana walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi za mikono. Wasichana walifundishwa kushona na kutunza nyumba. Baadaye wake za wafanyakazi walikuwa na fwaye, ile nyumba ya akina mama ya cherehani, ya mapishi na ya kulea mtoto. Elimu hiyo ilikuwa na kipimo chake. Ilimtosha mtu kuwa fundi mzuri, karani mzuri, au mke mzuri wa fundi. Zaidi ya hapo mlango ulifungwa. Mtu angeweza kufanya kazi miaka ishirini, akajua mashine kuliko mzungu aliyefika jana, na bado huyo mzungu ndiye mkubwa wake.

Mji wetu wenyewe ulizaliwa ndani ya mpango huo. Kolwezi ilianzishwa mwaka wa 1937 ili iwe makao ya migodi ya magharibi. Mitaa ya Wazungu iliwekwa upande wake, na kampi za wafanyakazi zikawekwa karibu na mashimo. Ukipita leo Musonoi au Luilu bado unaona zile nyumba zilizojengwa kwa mstari, kila moja kama mwenzake. Mwenye nyumba alikuwa kampuni. Ukifukuzwa kazi, unafukuzwa na nyumba, posho inakatika, na mtoto anatoka shule. Mkubwa wa kampi alijua nani kalala wapi na nani hakwenda kazini. Ndiyo maana watu walisema: kazi njo baba, njo mama. Ni maneno ya shukrani, lakini yasikilize tena polepole. Baba wa wakati ule alikuwa na fimbo pia.

Fimbo ilionekana wazi Desemba 1941. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu vyote, mshahara umebaki palepale, na watu wa migodini wakagoma. Kule Elisabethville, tarehe 9 Desemba, wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, aliuawa hapohapo pamoja na makumi ya wengine. Uwanja wa mpira, jamani. Mahali pa furaha ya Jumapili. Miaka zaidi ya thelathini baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa bado anachora picha ya mauaji hayo. Mwaka wa 1973 na 1974 alikuwa akizileta picha zake kule Lubumbashi kwa mtafiti Johannes Fabian, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika 101, historia nzima ya nchi kwa rangi.

Baada ya vita kampuni ilielewa kwamba mtu hatulii kwa posho peke yake. Ndipo zile shughuli ambazo wazee wanazikumbuka kwa tabasamu zikaongezeka: timu za mpira, muziki, sinema ya usiku, mahali pa kukaa na kunywa kitu baada ya kazi. Mwaka wa 1957 likatoka gazeti la kampuni, *Mwana Shaba*. Ndani yake mlikuwa na habari za kazini, michezo, usalama kwenye mashine, usafi wa nyumba. Kwa familia nyingi ndilo gazeti la kwanza kuingia nyumbani. Na jina lile halikubaki kwenye karatasi. Watu walianza kujiita wenyewe bana Shaba, watoto wa shaba, na hadi leo mzee akikuambia yeye ni mwana Shaba hasemi habari ya gazeti.

Lakini hapa ndipo naachana na wale wanaosema kampuni ilitutengeneza kama matofali. Watu walichukua walichopewa wakafanya na chao. Kabla ya sinema ya kampuni kulikuwa na ngoma za mbeni, watu wamevaa kama askari, wana vyeo vyao, wana kasha lao la kuzikana na kusaidiana. Wakubwa walizitazama kwa wasiwasi, kwa sababu hawakuzipanga wao. Pale Ruwe, mwaka wa 1953, alifika padri Mfransisko Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu, na kutoka mazungumzo yake na wafanyakazi na wake zao ikazaliwa Jamaa. Mume na mke walikaa pamoja, wakafundishana pamoja, mke akasema na mume akasikiliza. Fwaye ilimfundisha mwanamke kushona; kwenye Jamaa alifundisha yeye. Usichukulie hilo kama jambo dogo kwa kampi ya miaka ile.

Uhuru ulipokuja 1960, karibu wakubwa wote wa migodi walikuwa Wazungu. Chuo kikuu cha Elisabethville kilikuwa na miaka minne tu. Mwanzoni mwa 1967 serikali iliichukua kampuni, na baada ya kubadilisha majina ikawa Gécamines. Hapo ndipo ile elimu ya kipimo ilipovunja kipimo chake. Watoto wa mafundi walisoma sekondari, wakapita shule ya ufundi ya Mutoshi, wengine wakafika chuo kikuu na kurudi wakiwa mainjinia kwenye mgodi ambao babu yao aliingia na sururu. Hata vita vya Mei 1978, vilivyojaza maiti kwenye barabara zetu, havikusimamisha kazi kwa muda mrefu. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba.

Kilichofuata wengi wetu tunakijua, sitakikalia. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilianguka. 1991 uporaji. 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, na kati yao walikuwa walimu, mafundi na wauguzi ambao wazazi wao waliletwa hapa na kampuni yenyewe. Tuliona treni zimejaa, na mpaka leo tunaogopa kulizungumza vizuri. 1994 shaba ilishuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha mwaka, kisha zaidi.

Halafu 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655, karibu nusu ya wote, walipewa fungu moja la pesa na kuambiwa kwaheri. Hiyo "hiari" kila mtu aliielewa kwa namna yake, maana kukataa kulikuwa ni kubaki kwenye kazi isiyolipa. Pamoja na mshahara, watu walipoteza haki ya shule na hospitali kwa siku moja. Fikiria mwanaume wa miaka hamsini ambaye tangu utoto wake hajawahi kununua mfuko wa unga kwa bei ya soko, kwa sababu unga ulikuja kwenye posho. Fungu lile liliisha upesi kwa wengi. Waliosimamisha nyumba ni akina mama, na mara nyingine ni kwa cherehani ileile ya fwaye. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya familia hizi, na jina lake linatosha: bana Shaba walioachwa na baba yao.

Leo migodi imejaa tena. Magari makubwa yanapita usiku kucha, cobalti yetu inatajwa dunia nzima. Sheria ya migodi ya 2018 inazitaka kampuni ziweke angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaozizunguka, na baadhi ya shule mpya tunazoziona zinatoka huko. Lakini mfanyakazi mwenyewe ni wa nani? Uchunguzi wa shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi, uliotoka 2021, ulitazama migodi mitano mikubwa ukakuta zaidi ya nusu ya watu wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Kampuni ya kati haina sababu ya kumfundisha mtu ambaye mkataba wake unaisha kabla mahindi hayajakomaa. Tumerudi, kwa upande huo, karibu na mwaka wa 1911: mtu anazoea mashine, anaondoka, anakuja mwingine. Tofauti ni kwamba siku hizi watu wanaongoja getini ni wengi, na kuwabadilisha hakuigharimu kampuni chochote. Wasiopata nafasi wanaingia mashimoni na wale tunaowaita creuseurs, na huko hakuna anayefundisha zaidi ya rafiki aliyetangulia jana.

Mimi sitamani kampi irudi, na mkubwa wa kampi wake. Namtamania yule kijana kitu kimoja tu kati ya vidole kumi vya mzee: muda wa kujifunza kazi mpaka aijue.

Alfajiri ile Kapata, kabla hatujaenda makaburini, mzee alitoa mfukoni kadi yake ya kazi, imechakaa, picha haionekani tena. Namba yake ya matricule aliitaja bila kuitazama. Kijana naye akaonyesha beji yake, ya plastiki, inang'aa. Mzee akaomba kuishika. Akaisoma mbele na nyuma, akauliza jina la mgodi liko wapi. Halikuwapo. Kulikuwa na jina la kampuni ya kati, na chini yake maandishi madogo kwamba beji lazima irudishwe siku mkataba unapoisha.