Mama Kayai na Lafudhi ya Kuazima

Kitimbi, kwa wenyeji wa mwambao, ni hila iliyochanganyika na mzaha. Na katika ngano zetu hila hiyo aghalabu hupewa mke, apate kumshusha mume aliyejitia makuu. Televisheni ya Kenya ilipokiita kipindi chake cha vichekesho Vitimbi, ililipa neno la kale makazi mapya. Aliyelitendea haki neno hilo ni Mary Khavere, ambaye watazamaji walimjua kwa jina moja tu: Mama Kayai.

Kipindi hicho kilizaliwa wakati Sauti ya Kenya, iliyogeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, ilipokuwa peke yake hewani. Kituo cha pili, KTN, kilianza mwaka 1990. Mwenye televisheni na jirani yake asiyekuwa nayo walikaa mbele ya kioo kimoja, wakawacheka watu wale wale: Mzee Ojwang Hatari, aliyeigizwa na Benson Wanjau, na mkewe Mama Kayai.

Kiswahili chao kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo. Kwa kuwa lugha hiyo haina sauti ya "sh", shida hugeuka "sida" na shamba likawa "samba". Msomaji aliyelelewa kwa vina na mizani huenda akakunja uso. Lakini lafudhi ile ilikuwa ya kuazima: Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Khavere anatoka kwa Waluhya. Wala Mama Kayai hakuwekwa awe mjinga wa kuchekwa. Mume alipojigamba, yeye ndiye aliyempima. Mume alipozua, yeye ndiye aliyemwumbua. Lafudhi ilichekesha, akili ikabaki kwake. Hapo ndipo sanaa yake ilipotofautiana na dhihaka: mwenye dhihaka huiga ulimi wa mwenzake ili amdunishe, naye aliuiga akampa mwenye ulimi huo hekima ya nyumba nzima.

Jambo hilo si dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa, na kabila la mtu likatosha kumponza. Kicheko cha miaka mingi hakikuzuia panga. Hata hivyo kilikuwa kimeonyesha kwamba Mkikuyu na Mluhya waweza kujenga nyumba ya Wajaluo, nchi nzima ikaingia bila kubisha hodi, na Kiswahili kikawa ndicho kizingiti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2014 wananchi walimchangia Wanjau fedha za kutibiwa macho. Alifariki Julai 2015, na wengi waliomlilia walimlilia Ojwang. Khavere naye ameishi kwa jina la kuigiza, na wanaomwamkia njiani humwita Mama Kayai. Pengine huo ndio utunzo mkubwa kwa mwigizaji. Lakini anayemkumbuka Mama Kayai na amtaje pia Mary Khavere.