Teknolojia katika utunzaji wa wazee Machakos: Kidole kinapokataliwa na mashine

HUDUMA kwa wazee katika Kaunti ya Machakos, kama kwingineko nchini, sasa hupitia vifaa viwili: simu ya mkononi na mashine ya kusoma alama za vidole. Kwa simu, mzee hutumiwa pesa na wanawe walio Nairobi au Mombasa na husajiliwa kwa bima ya afya. Kwa kidole, huthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Vifaa hivi vimewaondolea wazee safari nyingi na foleni nyingi. Hata hivyo, vimezua tatizo ambalo waliovibuni hawakulipa uzito: mashine huhitaji kidole chenye mistari dhahiri, na vidole vya wazee wengi wa mashambani vimesagika.

Jambo hili lina sababu mbili. Kadiri umri unavyosonga, ngozi hukauka na kulegea, na ile mistari ya ncha za vidole hupoteza kina chake. Sababu ya pili ni kazi ya mikono, na hapo Machakos ina historia yake. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilisifika kwa ubaya, kwa vile udongo wake ulikuwa ukisombwa na mvua kila msimu. Miongo iliyofuata wakazi walichimba matuta ya fanya juu katika miteremko ya vilima, wakirusha udongo upande wa juu wa mtaro. Kazi hiyo ilifanywa kwa majembe na sururu katika vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake. Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba idadi ya watu Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka hiyo ya 1930, ilhali ardhi ilikuwa ikitunzwa vyema kuliko awali. Vijana wa kike na wa kiume waliochimba matuta hayo katika miaka ya 1970 ndio wazee wa leo.

Tuanze na pesa. Mpango wa serikali wa kuwapa wazee ruzuku ulianza kwa majaribio katika mwaka wa kifedha wa 2006/2007. Baadaye uliingizwa katika mpango wa Inua Jamii, na mwaka wa 2018 ukapanuliwa ili kuwafikia waliotimu miaka 70 na zaidi wasiolipwa pensheni ya serikali. Kiasi kilichowekwa ni Sh2,000 kwa mwezi, na kimekuwa kile kile kwa zaidi ya mwongo mmoja ingawa bei ya unga haikusubiri. Mwanzoni malipo yalipitia ofisi za posta, kisha benki na mawakala wao, ambako kadi na alama ya kidole vilitumika pamoja. Lengo lilikuwa jema, yaani kuzuia wajanja kuchukua pesa za wazee au za marehemu. Lakini kwa mzee wa Masinga au Yatta anayelipa nauli ya bodaboda hadi kwa wakala, kukataliwa na mashine si hitilafu ndogo. Nauli imekwenda, na pesa hazikutoka.

Waliounda mpango huo walifanya jambo moja la busara: walimruhusu mzee asiyejiweza kumteua mlezi wa kumchukulia malipo, naye mlezi husajiliwa rasmi. Kifungu hicho kimewasaidia wengi kuliko kifaa chochote.

Upande wa afya ni mgumu zaidi, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF. Usajili hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#, mtandaoni, au kwa msaada wa wahudumu. Katika zahanati na vituo vya afya, aliyesajiliwa hutibiwa bila kulipa chochote. Huduma za hospitali kubwa, kama vile Machakos Level 5, humtaka awe amelipa mchango wake, na kwa wasio na ajira rasmi mchango huo hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali. Mzee anayetumia simu ya kabambe, ambayo herufi zake hazionekani vyema na kikao chake hukatika akisita kidogo, hawezi kuyajibu peke yake.

Kisha kuna suala la utambulisho. Mwanzoni hospitali zilitegemea nambari ya siri iliyotumwa kwa simu ya mgonjwa. Kwa mzee aliyesajiliwa kwa simu ya mwanawe, nambari hiyo huingia Nairobi huku mwenyewe ameketi Kangundo mbele ya karani. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya ilianza kusambaza mashine za alama za vidole ili kukomesha madai ya uwongo ya malipo. Ulaghai huo upo na umegharimu mabilioni, kwa hivyo si haki kuilaumu wizara kwa kutafuta dawa. Swali ni nani anayebeba gharama ya dawa hiyo.

Kenya imewahi kulijibu swali hili, tena mara mbili. Mnamo Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Huduma Namba, ilitambua kwamba watu wenye alama hafifu za vidole wamo katika hatari ya kufungiwa nje ya huduma, na ikataka kuwe na kanuni za kuwalinda kabla ya mfumo kuendelea. Miaka mitatu kabla ya hapo, mnamo 2017, sheria ya uchaguzi ilikuwa imefanyiwa marekebisho ili kuwe na njia mbadala mashine zinapokwama. Mpigakura ambaye kidole chake hakisomeki hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho mbele ya mawakala wa vyama. Ikiwa nyanya, au susu kama Wakamba wamwitavyo, hupata njia ya kumchagua gavana bila kidole kusomeka, hakuna sababu ya njia kama hiyo kukosekana katika dirisha la kupokea dawa za shinikizo la damu. Utaratibu huo wapaswa kuandikwa kwa Kikamba na Kiswahili na kubandikwa ukutani, usiachiwe hisani ya karani wa zamu.

Teknolojia iliyofanikiwa zaidi kwa wazee haina makuu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban familia 100. Walipewa mkoba wenye kifaa cha kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, mizani na simu ya kunakili taarifa. Mzee mwenye kisukari hupimwa akiwa ameketi chini ya mwembe wake, na anayempima ni jirani anayemjua kwa jina. Hapo kidole hakihitaji kumtambulisha. Marupurupu ya mhudumu huyo ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti, na pakiwa na lolote la kuongezewa fedha katika bajeti ya kaunti, ni hili.

Ughaibuni wamejifunza vivyo hivyo kwa gharama kubwa. Japani, taifa ambalo takriban watu watatu kati ya kila kumi wamepita miaka 65, imetumia fedha nyingi kuunda roboti za kuwainua na kuwaliwaza wazee. Mtafiti James Wright, aliyekaa katika makao ya wazee nchini humo na kuchapisha kitabu mwaka wa 2023, aliona kwamba roboti hizo ziliwaongezea wahudumu kazi. Zilihitaji kusukumwa, kusafishwa na kuchungwa.

Kwa familia zilizo na mzee, yapo yanayoweza kufanywa sasa. Wakati wa usajili, sisitiza vidole kadhaa vichukuliwe, si kidole gumba pekee. Kabla ya kwenda, mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe na kupakwa mafuta kidogo, kisha ipanguswe. Mzee abebe kitambulisho halisi. Mlezi asajiliwe mapema, kabla ugonjwa haujamlaza mzee kitandani. Nambari ya siri ya M-Pesa isiandikwe nyuma ya simu wala kukabidhiwa wakala. Ikiwa hapana budi mjukuu aijue, basi awe mmoja, na jamaa wengine wafahamu ni yupi.